Kujiamini na Kuaminiana

Kuna neno moja ambalo kila mtu hulitamka baada ya mchezo wa mpira, na ambalo wachache hujisumbua kulipima uzito wake. Neno lenyewe ni kujiamini. Timu ikishinda, husemwa kwamba vijana walijiamini. Ikishindwa, husemwa kwamba hawakujiamini. Kwa maelezo haya hakuna jambo lisiloelezeka, na mahali ambapo neno moja laweza kueleza kila kitu, yafaa tushuku kwamba halijaeleza kitu. Mganga atoaye dawa ile ile kwa mwenye homa na kwa aliyevunjika mguu hatumwiti bingwa.

Nataka tulichunguze neno hili pamoja, msomaji, na uwanja wa mpira uwe darasa letu. Sikuuchagua uwanja kwa mapenzi ya mchezo peke yake, ingawa mapenzi hayo siyakani. Nimeuchagua kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo nia ya mtu huonekana kwa macho. Hofu ya karani hujificha nyuma ya daftari lake, na hofu ya mwanafunzi nyuma ya kitabu. Lakini mchezaji aliyeuogopa mpira huonwa na maelfu, na hana pa kujificha ila nyuma ya mwenzake.

Swali lenyewe ni hili: je, kujiamini ni mzazi wa ushindi, au ni mtoto wake?

Wasemao kwamba ni mzazi hutoa hoja nyepesi kufahamika. Mshambulizi asiyeamini kwamba atafunga huupiga mpira nusu nusu, nao hufika mikononi mwa mlinda lango kama zawadi. Kwa hiyo, wasema, sharti imani itangulie. Wasemao kwamba ni mtoto hujibu kwamba imani isiyo na sababu ni ndoto tu. Mtu aliyefungwa michezo kumi ataanzaje kujiamini katika mchezo wa kumi na moja, ila awe mpumbavu? Kwa hiyo, wasema hawa, ushindi ndio utanguliao, na imani huufuata kama vumbi lifuatavyo gari.

Wote wana haki kiasi, na ndiyo sababu ubishi wao haukomi. Kama wa kwanza wangekuwa na haki yote, ingetosha kuwahutubia wachezaji kila asubuhi mpaka waamini, na nchi yenye wasemaji hodari ndiyo ingetwaa makombe yote. Na kama wa pili wangekuwa na haki yote, timu dhaifu isingeinuka kamwe, kwa maana ingehitaji ushindi ili ipate imani, na imani ili ipate ushindi, mfano wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba na ufunguo umo ndani.

Walakini timu dhaifu huinuka. Hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 2022 shirikisho la mpira la dunia, FIFA, liliifungia Kenya tangu Februari hata Novemba, kwa sababu ya mgogoro baina ya serikali na uongozi wa mpira. Kwa miezi hiyo timu ya taifa, Harambee Stars, haikucheza mchezo wowote wa kimataifa, na nafasi yake ya kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika ikapotea. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao. Kenya haikuwa imepata kushiriki mashindano hayo hata mara moja. Katika kundi lake walikuwamo Morocco na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao kila mmoja alikuwa amekwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili; tena walikuwamo Angola na Zambia. Kocha, Benni McCarthy wa Afrika Kusini, alikuwa ameajiriwa Machi mwaka ule ule. Watu wenye hesabu walipiga hesabu zao, wakatikisa vichwa.

Kongo ilifungwa 1-0. Angola ikatoka sare 1-1. Morocco ikafungwa 1-0, na Zambia vivyo hivyo 1-0. Kenya ikawa ya kwanza katika kundi, na uwanja wa Kasarani ukawa na kelele ambazo wazee walisema hawajazisikia kwa miaka mingi.

Sipendi tuipite michezo ile ya Angola na Morocco upesi. Katika yote miwili mchezaji mmoja wa Kenya alionyeshwa kadi nyekundu akatoka, na wenzake wakabaki kumi. Dhidi ya Morocco walicheza kipindi kizima cha pili katika hali hiyo, wakiwa na bao moja tu la kulinda, lile la Ryan Ogam. Jiulize ni imani ya namna gani iliyowasimamisha watu wale. Haiwezi kuwa imani ya kushinda iliyotokana na mazoea ya kushinda, kwa sababu mazoea hayo hawakuwa nayo. Wala haiwezi kuwa ile imani ya mtu katika nafsi yake peke yake. Beki wa kulia akiamua kupanda mbele hali wapo kumi, nyuma yake huacha shamba tupu. Na aendapo, huenda kwa kuwa anaamini kwamba yuko mtu atakayeliziba pengo lile, ingawa hana wakati wa kugeuka kutazama. Mwili wake u mbele, lakini roho yake ameiweka amana kwa mtu aliye mgongoni pake.

Hapa lugha yetu imekwisha kutufungulia mlango, ila tumezoea kuupita bila ya kuangalia. Tusemapo kujiamini, kile kiambishi -ji- hulirudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe, kama katika kujipenda, kujisifu na kujidanganya. Tusemapo kuaminiana, tendo hutoka kwa mtu likaenda kwa mwenzake, kisha likarudi, kama katika kusaidiana na kupokezana. Shina ni moja, bali matunda ni mawili. Mkimbiaji wa mbio ndefu aliye peke yake barabarani alfajiri huko Iten anaweza kujiamini, na imani yake ikawa ya kweli, kwa maana miguu ni yake na pumzi ni zake. Lakini timu haina miguu. Timu haina kifua ambamo imani yaweza kukaa. Tusemapo kwamba timu inajiamini tunasema kwa mfano, na nyuma ya mfano huo lazima kiwepo kitu halisi. Nasema kitu hicho ni kuaminiana. Timu ijiaminiyo ni watu kumi na mmoja ambao kila mmoja wao amewaamini wale kumi, na anajua kwamba wao nao wamemwamini.

Basi wale wabishani wetu wa mzazi na mtoto wamelisahau jambo lililo katikati. Kuaminiana hakungoji ushindi, kwa kuwa kwaweza kuanza katika mazoezi siku ya Jumanne, pasipo mtazamaji hata mmoja. Wala si ndoto, kwa kuwa kuna ushahidi wake: nilimwona akirudi mbio kunisaidia ingawa alikuwa amechoka; nilimsikia akilikubali kosa lake kabla ya kuulizwa. Mtu aliyefungwa michezo kumi hana sababu ya kuamini kwamba atashinda wa kumi na moja, lakini aweza kuwa na sababu nyingi za kuamini kwamba mwenzake hatamwacha. Hilo latosha kuanzia.

Huenda ukasema kwamba haya ni yale yale ya siku zote, ya kwamba umoja ni nguvu na kidole kimoja hakivunji chawa. Ningefurahi kama mambo yangekuwa mepesi kiasi hicho. Nitatoa mfano wangu mwenyewe, nao hauniletei sifa.

Nilipokuwa katika kidato cha tatu nilicheza beki katika timu ya shule yetu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na nguvu, na mwalimu wa michezo alikuwa amenichagua kuwa mpigaji wa penalti. Siku moja tulicheza na shule jirani, tukawa sare mpaka dakika za mwisho, ndipo refa akatupa penalti. Mwalimu alinitazama. Mimi niliinama nikajifanya kufunga kamba za viatu, ambazo hazikuwa zimefunguka. Mwenzetu mmoja, kijana mwembamba aliyecheza pembeni, aliuchukua mpira kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Aliupiga juu ya mwamba wa goli. Jioni ile bwenini tulimsema mpaka akalala bila ya kula, na sauti yangu haikuwa ya chini kuliko sauti za wengine.

Lililofuata ndilo nililotaka ulisikie. Tangu siku ile timu yetu ilianza kucheza mchezo wa ajabu. Kila mtu aliyepata mpira aliutoa upesi, si kwa kuwa mwenzake alikuwa mahali pazuri zaidi, bali ili kosa likitokea litokee mguuni mwa mwingine. Pasi zilikuwa nyingi. Mzazi mmoja aliyekuja kututazama alitusifu kwamba sasa tumejifunza kushirikiana! Tulishindwa michezo minne mfululizo, na katika michezo hiyo yote minne hakuna mtu ambaye ungeweza kumnyoshea kidole na kusema kwamba huyu ndiye aliyetuponza.

Waona basi kwamba kuna pasi mbili, na kwa mtazamaji aliye mbali zafanana kama pacha. Moja ni ya mtu anayempa mwenzake mpira kwa sababu amemwamini. Nyingine ni ya mtu anayemtupia mwenzake mzigo kwa sababu amemwogopa. Ushirikiano wa kwanza ni wa watu wanaogawana hatari. Wa pili ni wa watu wanaokimbizana nayo. Shule, ofisi na nyumba nyingi huishi kwa ushirikiano huu wa pili, wakauita amani. Na chanzo chake, nijuavyo mimi, si uvivu wala chuki. Chanzo chake ni ile jioni ya bwenini, yaani siku ambayo watu waliona lililompata mwenzao aliyethubutu.

Sasa turudi katika timu za taifa, twende kwa wale wale ambao Kenya iliwafunga Kasarani Agosti 17. Zambia ina habari ambayo kila kijana wa Afrika apendaye mpira anapaswa kuijua.

Usiku wa Aprili 27, mwaka 1993, ndege ya jeshi la Zambia iliyokuwa ikiwachukua wachezaji wa timu ya taifa kwenda Senegal ilishuka Libreville, mji mkuu wa Gabon, ili kutia mafuta. Iliporuka tena ilianguka baharini karibu na pwani. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa. 18 kati yao walikuwa wachezaji, na kocha wao Godfrey Chitalu, ambaye zamani alikuwa mfungaji mashuhuri, alikuwa pamoja nao. Nahodha, Kalusha Bwalya, alipona kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na alikuwa amepangiwa kusafiri peke yake. Watu wale walizikwa Lusaka, karibu na Uwanja wa Uhuru. Zambia ilikusanya vijana wengine, Kalusha akawaongoza, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Tunisia, wakafungwa na Nigeria 2-1.

Ilichukua miaka 18 kuifikia fainali nyingine. Katika miaka hiyo timu ilipanda na kushuka. Mwaka 2008 ilimpata kocha Mfaransa, Hervé Renard, ambaye jina lake lilikuwa bado halijavuma. Mwaka 2010 nchini Angola walifika robo fainali wakatolewa na Nigeria kwa penalti baada ya mchezo usio na bao. Renard akaondoka, kisha akarudi mwaka 2011. Mashindano ya mwaka 2012 yaliandaliwa na Gabon pamoja na Guinea ya Ikweta. Zambia ilicheza michezo yake yote ya mwanzo upande wa Guinea ya Ikweta: ikaifunga Senegal 2-1, ikatoka sare na Libya 2-2, ikawafunga wenyeji 1-0, Sudan 3-0, na katika nusu fainali ikaifunga Ghana 1-0, baada ya mlinda lango Kennedy Mweene kuzuia penalti ya Asamoah Gyan. Hivyo ilitukia kwamba mchezo wa fainali, Februari 12, 2012, ndio uliowapeleka Libreville. Kabla ya mchezo walikwenda ufukweni pamoja na Kalusha Bwalya, ambaye wakati ule alikuwa rais wa chama cha mpira cha Zambia, wakaweka maua baharini.

Mbele yao walisimama Ivory Coast. Didier Drogba, ndugu wawili Kolo na Yaya Touré, Gervinho: majina haya yalijulikana katika kila kijiji chenye redio. Tena walikuwa hawajafungwa hata bao moja katika mashindano yale. Wachezaji wengi wa Zambia walikuwa wakicheza katika klabu za Afrika. Nahodha wao, Christopher Katongo, alikuwa akicheza China.

Katika dakika za mwanzo beki wa Zambia, Joseph Musonda, aliumia, akatoka uwanjani akilia. Katika kipindi cha pili Drogba alipata penalti akaipiga juu. Dakika 90 zikaisha, na 30 za nyongeza zikaisha, wala hapakuwa na bao. Ndipo zikaja penalti za mwisho, ambazo wachezaji wa Zambia walizingoja wakiimba. Kila upande ulipiga saba, zote zikaingia, na Mweene mwenyewe, mlinda lango, alikuwa mmoja wa wapigaji. Kisha Kolo Touré akapiga, Mweene akaudaka upande wake na kuuzuia. Rainford Kalaba alipewa nafasi ya kuumaliza mchezo. Akaupiga juu.

Simama hapa kidogo, msomaji, kama walivyosimama watu milioni nyingi usiku ule. Kalaba ndiye aliyekuwa na kombe mguuni mwake, akalikosa. Baada yake Gervinho wa Ivory Coast naye akakosa, na zamu ikamfikia Stoppila Sunzu. Mbele ya macho yake alikuwa amekwisha kuona kwamba mtu aweza kukosa, na jinsi inavyokuwa akikosa. Kama angekuwa katika timu yetu ya kidato cha tatu, kamba za viatu vyake zingefunguka papo hapo. Alikwenda akapiga, mpira ukaingia, Zambia ikashinda kwa penalti 8 kwa 7.

Na baada ya kelele za kwanza, yule kocha Renard alimwendea Musonda, ambaye hakuweza kutembea, akambeba mikononi kama mtoto akampeleka katikati ya wenzake ili ashangilie pamoja nao. Mtu yule alikuwa amecheza dakika chache tu katika fainali ile. Katika picha zote za usiku wa Libreville, ile ndiyo niipendayo zaidi, na hainionyeshi goli wala kombe.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu, maana hapa ndipo waandishi wa habari za mpira hupotoka. Ni rahisi mno kusema kwamba Zambia walishinda kwa kuwa waliaminiana, na Ivory Coast walishindwa kwa kuwa hawakuaminiana. Sina haki ya kusema hivyo. Watu wanaocheza mashindano mazima bila ya kufungwa hata bao moja hawawezi kuwa watu wasioaminiana. Safu ya ulinzi haijengwi kwa shuku. Laiti mpira wa Drogba ungeshuka kidogo tu, kombe lingekwenda Abidjan, na insha kama hii ingeandikwa kuwasifu wao. Bahati ilikuwapo uwanjani usiku ule, na mtu anayekataa kuiona bahati katika ushindi wake hatakuwa na huruma kwa aliyeshindwa.

Basi kuaminiana hufanya nini, kama hakuleti ushindi kwa hakika? Naona hufanya jambo dogo zaidi na la kweli zaidi. Humwezesha mtu kukosa bila ya kuvunja wengine. Kosa la Kalaba lilibaki kuwa kosa la mkwaju mmoja. Halikugeuka likawa ugonjwa wa timu. Aliyefuata alipiga mpira wake mwenyewe, hakupiga wa Kalaba. Bahati ilipopita mara ya pili iliwakuta bado wamesimama mahali pao.

Wala mtu asidhani kwamba hali hiyo ikipatikana imepatikana milele, kama cheti kinachotundikwa ukutani. Mwaka mmoja tu baadaye, katika mashindano ya 2013 huko Afrika Kusini, Zambia wale wale, mabingwa, wengi wao watu wale wale, walitoka sare michezo yao mitatu yote wakarudi nyumbani mapema. Kisha wakashindwa kufuzu mashindano matatu mfululizo, ya 2017, 2019 na 2021. Sababu za mambo kama haya ni nyingi: watu huzeeka, makocha huhama, fedha hupungua, wapinzani hujifunza. Lakini moja nadhani ni hii, ya kwamba baada ya ushindi neno lile la kwanza, kujiamini, hurudi na kulifukuza la pili. Mtu aliyesifiwa sana huanza kuamini kwamba mguu wake ndio ulioleta kombe. Hasemi, lakini utamwona anachelewa hatua mbili kurudi kulinda, na yule wa nyuma yake ataziona hatua hizo mbili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna swali gumu lililobaki, na vijana wenye akili wameniuliza mara nyingi. Je, kumwamini mwenzako baada ya kukosa si kumdekeza? Kama kila kosa linasamehewa, nani atajitahidi? Swali hili lina haki, na jibu langu ni kwamba makosa si ya aina moja. Kuna kosa la mtu aliyejaribu, na kuna kosa la mtu ambaye hakuja mazoezini. La kwanza halihitaji hata kusamehewa, kwa kuwa hakukosea mtu. Aliichukua hatari iliyokuwa yetu sote akaibeba kwa niaba yetu. La pili ni deni, nalo lidaiwe waziwazi, uso kwa uso, wala si kwa minong'ono bwenini. Kumwamini mzembe siku zote si wema. Ni namna nyingine ya kumdharau, kana kwamba tumekwisha kukata tamaa naye. Yule kijana mwembamba wa shule yetu alikuwa na kosa la aina ya kwanza. Lile la aina ya pili lilikuwa langu, na hakuna aliyelidai, kwa sababu kufunga kamba za viatu si jambo linaloandikwa katika taarifa ya mchezo.

Tena huyo mwenye haki ya kudai ni nani? Sisi watazamaji hujiona kuwa tunaidai timu ya taifa kila kitu, kwa kuwa imevaa rangi zetu. Lakini imani yetu nayo ni ya namna gani? Mara nyingi ni imani ya mfanyabiashara anayemkopesha tajiri peke yake. Tulijaa Kasarani timu iliposhinda. Katika miaka ya viti vitupu hatukuwapo, na wachezaji walijua hivyo. Sisemi haya kwa kulaumu, nami nilikuwa mmoja wa wasiokuwapo.

Mnamo Agosti 22, 2025, Kenya ilicheza robo fainali na Madagascar katika uwanja ule ule. Kenya ilitangulia kufunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, Madagascar ikasawazisha kwa penalti, na mchezo ukaisha 1-1 hata baada ya muda wa nyongeza. Katika penalti za mwisho Madagascar ilishinda 4 kwa 3. Wakaendelea mpaka fainali, wakafungwa na Morocco 3-2, Morocco ile ile iliyokuwa imefungwa na Wakenya kumi.

Usiku ule watu walitoka uwanjani kimya. Kesho yake asubuhi niliwasikia vijana wawili katika matatu wakiulizana kwa nini kocha aliwapa mpira wale waliokosa. Mmoja alisema kwamba watu wale wasiitwe tena katika timu ya taifa. Mwenzake akamjibu kwamba angalau walikwenda kupiga. Ubishi ukaendelea mpaka kituo chao, wakashuka wakibishana, nami nikabaki nikifikiri ni yupi ningemuunga mkono kama wangeniuliza. Kama ningekuwa kocha, na timu ile ikapata penalti katika mchezo uliofuata, ningewatazama kwanza wale waliokosa. Na kama mmoja wao angenitazama machoni bila ya kuinama, ningempa yeye mpira.